Kushusha tawi la mwembe juu ya bati la jirani: kamba gani, fundo gani, mizunguko mingapi?

kivuli_cha_mwembe (mwenye uzi)

Wakuu, salaam. Kuna mwembe wa zamani karibu na ukuta, na tawi lake moja limelala juu ya jiko la jirani. Linatakiwa litoke lote bila kutoboa bati wala kumuumiza mtu. Nimepima kwa futi kamba, si kwa macho:

Tawi linatoka shinani kwenye kimo cha mita 5. Pale linapotokea lina unene wa sm 22, urefu wake ni kama mita 6, na kule mwisho, kabla halijagawanyika kuwa vitawi vya majani, lina sm 6 hivi. Bati linaanza mita 2 kutoka shinani. Ukingo wa paa una kimo cha mita 2.8 na mgongo wake unafika 3.6. Juu ya tawi hilo, mita 2.5 zaidi, kuna panda ya matawi mawili mabichi yaliyosimama, kila moja sm 18. Upande wa pili wa mti, mita 4 hivi, unapita waya wa umeme unaoingia nyumbani.

Vifaa vilivyopo: msumeno wa mkono, ngazi ya mita 6, na kamba ya manila ya bluu, mm 12, mita 30. Watu ni watatu, mmoja anapanda vizuri.

Maswali yangu: Hiyo kamba inatosha? Nifunge kwenye kitako cha tawi au kuelekea nchani? Aliye chini atashikaje uzito bila kuvutwa juu? Na kapi (gurudumu la kupitishia kamba) ni la lazima, au kamba ipite tu kwenye panda?

---

mzani_kwanza

Hongera kwa vipimo, wengi huja na "tawi kubwa kiasi" halafu wanataka hesabu.

Kabla ya kamba, ujue unashusha kilo ngapi. Mti mbichi uhesabu kama maji, kilo 1,000 kwa mita ya ujazo. Mwembe unaweza kuwa chini kidogo ya hapo, lakini ni heri ukosee upande huo. Njia ya haraka: chukua unene kwa sentimita, uzidishe kwa wenyewe, kisha uzidishe kwa 0.0785. Unapata kilo kwa kila mita moja ya urefu. Tawi la sm 10 ni kilo 8 kwa mita. La sm 15 ni karibu 18. La sm 20 ni 31. La sm 25 ni 49. Unene ukiongezeka maradufu uzito unakuwa mara nne, na hapo ndipo watu wanapokamatwa: kipande cha juzi kilishuka vizuri, cha leo kinaonekana "kimezidi kidogo tu", kumbe ni mara mbili.

Tawi lako likigawanywa mita mbili mbili: sehemu ya nje ina wastani wa sm 9 hivi, mbao kilo 12. Ya kati sm 14, kilo 31. Ya ndani sm 19, kilo 58. Jumla kama kilo 100 za mbao tupu. Halafu weka majani, vitawi na maembe kama ni msimu. Kwenye sehemu ya nje vitu hivyo vinaweza kuzidi uzito wa mbao yenyewe.

Kwa vifaa ulivyotaja, usishushe kitu kinachozidi kilo 30 kwa mkupuo. Maana yake vitawi vyote vya pembeni vinatoka kwanza, kimoja kimoja. Sehemu ya kati inakatwa mara mbili. Ya ndani nayo ikatwe vipande vya mita moja. Utapata mikato kumi au zaidi. Ni kazi ya asubuhi nzima, na ndivyo inavyotakiwa kuwa.

Ukikata vitawi vya pembeni, acha vishina vyake vya sm 10 kwenye tawi, usivinyoe. Ndivyo vitakavyozuia kitanzi kisiteleze baadaye.

---

FundiKapi

Nijibu la kamba na la mshikaji.

Manila ya bluu ni plastiki ya polipropilini. Ikiwa mpya, ya mm 12 haikatiki mpaka karibu tani 2 kwa mvuto wa pole pole, kwa hiyo watu wanaona inatosha hata kwa gari. Ila fundo lolote linaila theluthi ya nguvu. Jua linaila zaidi: ikishakaa nje miezi kadhaa inaanza kutoa unga na vinyweleo vinavyochoma kiganjani, na ukiona hivyo irudishe kwenye kazi ya kuanika nguo. Tatizo kubwa kuliko yote ni joto. Inayeyuka kwenye nyuzi joto 165 hivi, na kamba inayokimbia kwa kasi juu ya gome chini ya uzito inafika huko bila shida. Utaona mng'ao kama wa kioo upande mmoja wa kamba, pagumu ukipagusa. Hapo pameshaungua, kata hiyo sehemu.

Katani haiyeyuki na inashika vizuri mkononi, lakini kwa unene uleule haifiki hata nusu ya nguvu ya poliesta. Na ikioza kwa ndani huwezi kuiona kwa nje mpaka uifumue nyuzi. Nailoni ni kali ila inanyooka sana, kipande kinashuka mita moja zaidi ya ulivyopanga, na wewe chini una bati. Ukipata poliesta ya mm 12 au 14 nunua hiyo: hainyooki sana, inastahimili msuguano, inayeyuka kwenye joto la juu kuliko manila kwa mbali. Kanuni ya kushusha matawi ni kubebesha kamba sehemu moja ya kumi ya nguvu yake ya kukatika. Kwa hiyo kamba ya tani 2 ni kamba ya kilo 200, na fundo likishachukua chake imebaki kilo 130 na ushee. Unadhani ni nyingi kwa kipande cha kilo 30? Subiri mtu afike kwenye mshtuko.

Urefu: kupanda hadi panda mita 7.5, kushuka tena 7.5, mizunguko mitatu kwenye shina nene la sm 60 karibu mita 6, fundo mita 1.5, akiba ya mshikaji mita 3. Jumla 25 na kitu. Mita 30 zinatosha kwa kamba ya mzigo peke yake. Lakini unahitaji kamba tatu: ya mzigo, ya kuongozea kipande, na ya mpandaji mwenyewe. Ya mpandaji isishike mzigo hata siku moja, na isiwe manila.

Sasa mshikaji. Hashiki kwa nguvu za mikono, anashika kwa shina. Kamba ikishuka kutoka kwenye panda izungushe kwenye shina la mwembe wenyewe, kimo cha kiuno. Kwa manila mpya inayoteleza, kila mzunguko kamili unapunguza uzito kama mara tatu. Kwa katani au poliesta iliyochakaa kidogo, mara tano hivi. Na hapa ndipo utamu ulipo: mizunguko haijumlishwi, inazidishwa. Mmoja mara 3, miwili mara 9, mitatu mara 27. Kipande cha kilo 30 kwa mizunguko miwili ya manila kinakuachia kilo 3 na ushee mkononi, hata kabla ya kuhesabu msuguano wa panda. Mtoto anaweza kukishika.

Mizunguko ipangwe ikifuatana kwenda juu au chini kama springi, mmoja usipande juu ya mwenzake. Ikipandana inajifunga, kipande kinaganda hewani na hakuna wa kukifungua mpaka mtu apande kukibeba. Makosa mengine ya mshikaji ninayaandika kwa mkupuo: kujizungushia kamba kiunoni, kujizungushia kiganjani, kusimama ndani ya lundo la kamba, kuvaa glavu za kitambaa zinazonaswa. Glavu ziwe za ngozi. Asimame upande wa shina ambao mzigo hauko, mita 2 au 3 kutoka shinani, kamba ikimjia kwa mbele.

---

DadaMsumeno

FundiKapi umesema vizuri, ila ile "mizunguko mitatu" uliyoiweka kwenye hesabu ya urefu naipinga kwa kilo 30. Mitatu ni mingi kwa uzito huo. Kamba haitatembea, na kipande kitasimama kwa kishindo badala ya kusindikizwa. Anza na miwili. Mitatu iwe kwa vile vya ndani vya sm 19, tena kama ni poliesta hata hapo miwili inatosha.

Mshtuko wenyewe ni huu. Kipande cha kilo 30 kikianguka mita 1 kabla kamba haijakaza, halafu kamba ikakisimamisha ndani ya sm 25, mvuto wa kilele unafika karibu kilo 300. Mara kumi. Na kama kamba inapita kwenye kapi kule juu, kapi linabeba pande zote mbili za kamba: 300 ya mzigo na 300 ya mshikaji, yaani 600 kwenye panda yako. Ndiyo maana kamba ya "kilo 130" si nyingi.

Dawa ni mbili na zote zinafanyika pamoja. Kwanza, kamba iwe imekazwa kabla msumeno haujamaliza. Mshikaji avute ulegevu wote mpaka tawi lionekane linainuka kidogo, ndipo mkato wa mwisho ufanyike. Pili, kipande kikiachia, mshikaji akiruhusu kitembee, kisha akibane taratibu ndani ya mita moja au zaidi kama nafasi ipo. Anayekibana papo hapo ndiye anayevunja panda. Kwako nafasi ya kutembea ni ndogo kwa sababu ya bati, kwa hiyo ile ya kwanza ndiyo inayobeba kazi.

Kapi au panda? Kwa uzito mdogo huu, panda. Msuguano wa panda unamsaidia mshikaji na unapunguza mvuto wa upande wake, kwa hiyo matawi ya juu hayabebi mara mbili kamili. Hasara yake kamba inalika na gome la mti unaobaki linachubuka. Kapi linafaa pale unapotaka kuvuta kipande kwenda juu, au unaposhusha vipande vingi mfululizo. Ukilitumia, lining'inize kwa mshipi au kamba fupi nene iliyozungushwa kwenye shina pale chini ya panda, si kwenye tawi moja lenye sm 18.

Na tafadhali msiweke mpira wa ndani wa tairi kwenye panda mkidhani unalinda kamba. Mpira unaishika kamba, joto linapanda na manila inagandamana nao. Gunia la katani lililoloweshwa maji ni afadhali mara mia.

---

FundiKapi

Dada, mizunguko miwili nakubali kwa vipande vya nje. Kwenye panda tutabishana hadi kesho. Panda ya mwembe wa zamani mara nyingi imebana gome kati ya matawi mawili, haikushikana vizuri ndani. Ukiona mstari mweusi uliozama pale katikati, au maji ya kahawia yanachuruzika, hiyo panda ni mlango uliorudishwa tu, haukufungwa. Kamba ukiiweka hapo katikati inafanya kazi ya kabari. Kapi lililofungwa kwenye shina chini yake haliipasui panda.

---

DadaMsumeno

Hilo kweli. kivuli_cha_mwembe, kabla ya yote mpandaji aigonge ile panda na shina chini yake kwa kitako cha nyundo. Sauti ikiwa ya ngoma, msifunge kitu hapo. Ikiwa nzima na imefanana na herufi U, kamba ipite. Ikiwa V yenye mstari mweusi, fuateni la FundiKapi.

---

kivuli_cha_mwembe

Asanteni sana. Panda ni U, haina mstari. Sasa hapa nimekwama: tawi liko mlalo, kamba inatokea juu shinani. Nikifunga kitako cha kipande na kukikata, si kitabembea kuja kwa mpandaji? Na ncha yake haitakwangua bati?

---

mzani_kwanza

Swali zuri kuliko yote uliyouliza, na lina hesabu.

Chukua kipande kilichofungwa mita 3 kutoka shinani. Kamba inatoka panda iliyo mita 2.5 juu ya tawi. Urefu wa kamba kutoka panda hadi fundo ni karibu mita 3.9. Kikikatwa hakishuki wima, kinabembea kwa ndani kuelekea shinani kwa hiyo kamba ya mita 3.9. Kikifika chini ya panda, fundo liko mita 7.5 toa 3.9, yaani kimo cha mita 3.6. Limeshuka mita 1.4 bila mshikaji kuachia hata inchi moja.

Sasa kama umefunga kitakoni na kipande kina urefu wa mita 2, ncha na majani yake vinaning'inia mita 2 chini ya fundo huku kinabembea. Fundo likiwa bado mita 2 au zaidi kutoka shinani, ncha imeshafika kimo cha bati, na inalifagia ikielekea ukingoni. Majani hayatoboi. Kishina cha kitawi kilichokatwa kwa mshazari kinatoboa kama msumari.

Kwa hiyo kwako kitakoni hapana. Funga kupita katikati ya uzito kidogo kuelekea nchani. Kwenye kipande chenye majani, katikati ya uzito ni karibu na katikati ya urefu. Kwenye kipande kilichonyolewa ni karibu zaidi na kitako. Ukifunga hivyo, kikikatwa kitako ndicho kinachoinama polepole, ncha inainuka, na ncha ndiyo iliyokuwa juu ya bati. Kitako kinaelekea upande wa shina, na huko chini hakuna paa kwa mita 2.

Kubembea kunazuiwa na kamba ya pili, ya kuongozea. Ya mm 8 inatosha. Ifungwe kitakoni, na mtu wa tatu aishike akiwa ardhini, pembeni, si chini ya tawi. Anakizuia kipande kisije shinani kwa kasi na anakigeuza kiwe sambamba na ukuta. Hii kamba ishikwe mkononi tu, isifungwe popote. Na asisimame upande wa waya wa umeme: kamba iliyolowa, au yenye utomvu na jasho, inapitisha umeme, na kipande kikimshinda nguvu kitakwenda huko huko anakovuta.

Mpandaji akae upande wa shina ambao tawi haliko, amejifunga juu kwenye panda kwa kamba yake. Mikato ya nje aifanye kwa msumeno uliofungwa kwenye mpini mrefu. Asitambae kwenye tawi kupita pale lenye unene wa sm 12, hata kama amejifunga.

---

Mbao_Mbichi

Niongeze la fundo maana hakuna aliyelieleza, na ndilo linaloachia.

Kwa kufunga tawi kutoka mbali kinachotumika ni kitanzi kinachojikaza, kilichotengenezwa kwa kile kitanzi cha mabaharia kisichokaza. Rusha kamba juu ya tawi (funga nchani chupa ya nusu lita yenye mchanga, usitumie jiwe, jirani ana bati), vuta ncha ikufikie, ubaki na mita 1.5.

Pitisha ncha nyuma ya kamba kuu, ile inayokwenda juu kwenye panda, irudi kwako. Sasa kwenye kipande cha kamba kinachotoka kwenye tawi kuja kwenye ncha, pinda kitanzi kidogo cha ukubwa wa yai, sehemu ya upande wa ncha ikiwa juu. Ncha iingie kwenye kitanzi hicho kutokea chini, izunguke nyuma ya kipande kilekile cha kamba, kisha irudi kuingia kitanzini ilikotokea. Kaza. Umepata kitanzi kikubwa kisichobana, na kamba kuu inapita katikati yake. Ukivuta kamba kuu, kinapanda hadi kwenye tawi na kulikaba. Mkia ulioachwa usipungue sm 30, kwa manila hata 40, kwa sababu inateleza na fundo fupi linajifungua lenyewe likilegea na kukazwa mara kadhaa.

Kitanzi kikae nyuma ya kile kishina cha sm 10 alichosema mzani_kwanza. Kama hakuna kishina na gome ni laini, ongeza mkaba mmoja: kamba kuu izungushwe tawi mara moja zaidi na kupita chini yake yenyewe, sm 40 kutoka kwenye kitanzi, kuelekea upande inakokwenda kamba. Hapo uzito unagawanyika sehemu mbili na kipande hakipinduki ovyo.

Kufungua kikishafika chini: usivute mkia. Kunja mgongo wa fundo kwa kidole gumba, ile sehemu inayozunguka nyuma ya kamba, uisukume kinyume. Linalegea hata kama limebeba kilo 60.

---

DadaMsumeno

Sasa mkato, maana fundo zuri linaharibiwa na mkato mbaya.

Vipande vilivyofungwa msikate moja kwa moja kutoka juu. Tawi litachanika kwa chini, ngozi ndefu itabaki imeshikilia, kipande kitageuka kwa upande ambao hakuna aliyeutarajia, na msumeno utabaki humo. Anzeni chini, theluthi moja ya unene. Mkiona msumeno unaanza kubanwa mmekwenda mbali sana. Kisha juu, sm 3 hadi 5 nje zaidi ya ule wa chini, mkishuka mpaka mikato ipishane kwa kina lakini isikutane. Katikati inabaki ngazi ndogo ya mbao, na kipande kimekaa palepale kimetulia.

Hapo mpandaji anatoa msumeno, anautundika mkandani, anashika mti kwa mikono miwili na kuita "Tayari!" Mshikaji anakaza, anajibu "Nimekaza!" Ndipo kipande kinasukumwa kwa mkono na ile mbao ya katikati inakatika kwa mlio mfupi. Maneno mengine mawili yanatosha siku nzima: "Shusha" na "Simama". Msitumie "legeza" na "achia" kwa pamoja, zinachanganya, na "achia" ikisikika vibaya mtu anaachia kweli.

Ngazi. Isiegemee tawi linalokatwa. Kila mtu analijua hili na bado linafanyika. Watu hufikiri hatari ni tawi kuanguka na ngazi. Mara nyingi ni kinyume: uzito ukitoka, kile kinachobaki kinaruka juu sm 20 au 30 na ngazi inakosa pa kuegemea. Iegemezeni shinani, juu ya pale tawi linapotokea, ifungwe kwa kamba.

Mkato wa mwisho kabisa, ule wa kitako kilichobaki shinani, hauhitaji kushushwa kwa kamba kama ni sm 30 tu, ila kifungwe kisiangukie ngazi. Kata nje ya ule uvimbe wa gome unaozunguka mwanzo wa tawi. Usiukate uvimbe wenyewe, ndio unaofunga kidonda. Wala usipake rangi wala oili chafu, zinafungia unyevu ndani na mti unaoza.

---

kivuli_cha_mwembe

Nimenakili yote. Mawili ya mwisho: majimoto, wale chungu wekundu wanaouma, wamejaa kwenye hilo tawi, na jirani anasema niweke godoro juu ya bati nimalize haraka.

---

FundiKapi

Majimoto: viota vyao ni yale majani yaliyoshonwa pamoja. Vitawi vyenye viota vitoke kwanza, kwa mpini mrefu, asubuhi mapema kabla jua halijawachangamsha, na vikifika chini visogezwe mbali na mshikaji. Mtu aliyeshika kilo 30 akiumwa shingoni anaachia kamba. Mshikaji avae kofia na kola iliyofungwa. Wakati huohuo angalieni mapango ya shina kama kuna nyuki. Wakiwapo kazi inasimama mpaka watolewe.

Utomvu wa mwembe nao unaunguza ngozi, mti huu ni jamaa ya mkorosho. Mikono mirefu, na ukirukia jichoni maji mengi mara moja. Msumeno ukianza kunata ufute kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, lakini mafuta hayo yasiguse kamba.

Godoro halina kazi, kishina kinalipita. Weka mbao mbili za 2x4 zikilala kukatisha papi za paa (mbao zinazoshikilia bati), juu yake matairi mazee. Hapo vitawi vidogo vikidondoka havifiki batini. Ni kinga ya vitu vya kilo 3 au 4 tu. Mtu asipande juu ya hilo paa.

---

mzani_kwanza

Na waya. Huo unaoingia nyumbani ni wa volti 230, ganda lake likiwa limepasuka kwa jua linaua vilevile. Waambie TANESCO waukate umeme kwa hayo masaa, usizime swichi kubwa ya ndani ukadhani umemaliza: waya wa nje unabaki hai mpaka kwenye mita. Kama kwenye nguzo ileile, juu zaidi, kuna nyaya tatu tupu kwenye vikombe, hizo huenda ni za volti 11,000 au 33,000. Pima umbali wake kutoka kwenye ile panda kabla mpandaji hajafika huko na kamba ya kurushwa.

---

kivuli_cha_mwembe

Zipo, nguzo ya kona, mita 9 au 10 kutoka shinani. Panda iko upande wa kwetu.

---

mzani_kwanza

Basi kamba isirushwe kabisa kuelekea huko. Mpandaji aibebe mwenyewe mpaka kwenye panda, aipitishe kwa mkono, na mkia ushuke upande wa ukuta.